Bakes na madonge ya uwanga: upishi wa Saint Vincent hatua kwa hatua

Tuanze na jina, maana jina ndilo linaloharibu mapishi haya hata kabla moto haujawashwa. Ukiulizia arrowroot katika soko la Nairobi utapimiwa nduma. Nduma ni jimbi. Huchemshwa likaliwa na chai, wala si humo unamotoka unga tunaouzungumzia hapa. Arrowroot ya visiwa vya Karibi ni mmea ambao wataalamu huuita Maranta arundinacea. Majani yake ni mapana kidogo na yenye ncha, na chini ya udongo una vishina vyeupe, virefu, vyembamba kama karoti changa, vimefunikwa na magamba. Wanga unaokamuliwa kwenye vishina hivyo ndio uwanga wa mwongozo huu. Neno uwanga ni la pwani yetu wenyewe, ila kwa asili lilihusu wanga wa mmea mwingine, Tacca, ambao kiazi chake kibichi ni kichungu na kina sumu, hivyo sharti wanga wake uoshwe kwa maji mengi mara nyingi. Huu wa Karibi hauna sumu. Usichukue mapishi ya mmoja ukayapeleka kwa mwingine.

Kisiwa chenye sifa kubwa zaidi kwa zao hili ni Saint Vincent, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichoongoza duniani kwa kuliuza nje. Mashamba yako zaidi upande wa kaskazini, kwenye miteremko ya volkano ya La Soufrière, kuelekea vijiji vya Sandy Bay na Owia. Udongo wa huko ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na vishina hung'oka bila kukatikakatika. (Volkano hiyo hiyo ililipuka tarehe 9 Aprili 2021 na kuyafunika mashamba kwa majivu.)

Tutapika vitu viwili. Bakes ni vimkate bapa ambavyo, pamoja na jina lake kumaanisha kuoka, mara nyingi hukaangwa kwenye mafuta; aliyekula maandazi hatapata tabu kuvielewa. Madonge, ambayo kule huitwa dumplings, ni vipande vya kinyunga vinavyoiva ndani ya supu. Anayejua vipopoo ameshafika nusu ya njia.

Jambo moja la kushika kabla ya kupima chochote

Uwanga hauna gluteni hata chembe. Gluteni ndiyo ule mvutano unaoufanya unga wa ngano ushikane ukikandwa. Chukua vijiko viwili vya uwanga, tia maji baridi, kisha uminye: unakuwa mgumu kama jiwe. Fungua kiganja, unatiririka kama maziwa. Unga wenye tabia hiyo huwezi kuukanda, hata ukeshe.

Kwa hiyo lazima kitu kingine kishike. Njia ni mbili tu. Ya kwanza ni kuuchanganya na unga wa ngano, ngano ishike na uwanga ulainishe. Ya pili ni kuupika kwanza uwanga kidogo kwa maji hadi uwe gundi, halafu gundi hiyo ndiyo ikandiwe uwanga uliobaki. Karibu kila bakes iliyopasuka na kila donge lililoyeyukia kwenye sufuria limetokana na mpishi kuchanganya njia hizo, au kutotumia yoyote.

Kuujua uwanga halisi

Pakiti nyingi zilizoandikwa arrowroot ndani yake mna wanga wa muhogo. Si sumu, lakini vipimo vya hapa havitakubali. Koroga kijiko kimoja kikubwa cha unga huo katika robo lita ya maji baridi, weka kwenye moto wa wastani, koroga hadi uwe mzito, kisha inua mwiko juu. Wanga wa muhogo huvutika kwa nyuzi ndefu kama mlenda. Wa mahindi huwa na ukungu mweupe, na ukipoa huganda kama keki ya sabuni. Uwanga halisi huwa angavu, karibu uone chini ya sufuria, na huanguka kutoka kwenye mwiko kwa mapande mafupi bila kuvuta nyuzi. Ukiwa mkavu, ukiubana kati ya vidole hulia kama theluji inavyolia ikikanyagwa. Kwa asiyeijua theluji, kama kiatu kipya.

Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa bila kushindiliwa hubeba kama gramu 125 za uwanga. Hata hivyo tumia mizani. Wanga hushindilika ovyo, na tofauti ya gramu 20 inatosha kuharibu madonge.

Ukiwa na vishina vibichi

Huvunwa miezi 10 hadi 12 baada ya kupandwa, majani yakishaanza kugeuka rangi na kulala. Vikiachwa sana huwa na nyuzi nyingi na wanga hutoka kwa shida.

Osha udongo wote, kisha menya magamba yote hadi la mwisho. Hapa ndipo wavivu wanapokamatwa: magamba yana uchungu, na hutia wanga rangi ya kahawia ambayo haiondoki tena. Kwaruza vishina kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, au katakata usage kwenye blenda na maji mengi. Mimina kwenye kitambaa cha marekani, kamua kama unavyokamua tui, rudisha makapi kwenye maji, kamua tena mara mbili. Maji yote meupe yaache yatulie saa 5 au 6 bila kuguswa.

Mwaga maji ya juu taratibu. Chini utakuta tabaka gumu jeupe, na juu yake utando laini wa kijivu. Kwangua utando huo uutupe. Vuruga tabaka jeupe kwa maji safi, chuja tena, acha litulie. Rudia mara mbili zaidi, hadi maji ya juu yawe maangavu kabisa. Kisha livunjevunje juu ya kitambaa safi, funika kwa chandarua dhidi ya vumbi, anika siku moja au mbili. Usiuingize kwenye oveni ya moto ili kuharakisha: wanga wenye unyevu ukipashwa sana huanza kuiva, ukabaki na vidonge vigumu ambavyo hata kinu hakivimalizi.

Usitarajie makubwa. Kilo 5 za vishina, kwa kazi ya mikono, zitakupa nusu kilo hadi robo tatu.

Bakes za kukaanga

Vipimo hivi vinatoa bakes 10:

- unga wa ngano gramu 250
- uwanga gramu 100
- beking pauda vijiko vya chai 2
- chumvi nusu kijiko cha chai
- sukari kijiko kikubwa 1
- siagi baridi gramu 30
- tui la nazi la vuguvugu mililita 140, na jingine 20 pembeni
- mafuta ya kukaangia, kina cha sentimita 3 ndani ya karai

1. Chekecha unga, uwanga, beking pauda na chumvi pamoja, mara mbili. Uwanga ni laini kupita ngano na hujificha kwa vidonge. Kidonge kisichochanganyika hubaki kama chaki ndani ya bakes. Tia sukari.

2. Sugulia siagi kwa ncha za vidole hadi mchanganyiko ufanane na chenga za mkate.

3. Mimina tui la mililita 140, changanya kwa mkono. Kinyunga kitaonekana kikavu. Subiri dakika 2 kabla ya kuongeza. Uwanga hunywa maji kidogo sana ukiwa mbichi, na ngano hunywa polepole, kwa hiyo anayeongeza tui kwa haraka hujikuta na uji mikononi, kisha huongeza unga, na vipimo vyote huvurugika. Ongeza kijiko kimoja kimoja, na pale tu ambapo unga mkavu umebaki chini ya bakuli.

4. Kanda dakika 3 au 4, si zaidi. Kinyunga kiwe laini, kisichonata, na kikibonyezwa kirudi polepole. Kikirudi kwa nguvu umekanda mno na bakes zitakuwa za kutafuna kama mpira.

5. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha dakika 30. Usiruke hatua hii.

6. Kata vipande 10, kila kimoja kama gramu 55. Viringisha, kisha bapisha kwa kiganja hadi unene wa sentimita 1. Kingo zisiwe na nyufa. Ukiziona, lowesha kidole kwa maji uzipitishe. Ufa wa kingo ni mlango wa mafuta.

7. Pasha mafuta hadi nyuzijoto 170 au 175. Asiye na kipimajoto atupe kinyunya. Kikizama, kikatulia sekunde tatu hivi kisha kikapanda na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Kikibaki chini, ongeza moto. Kikipanda papo hapo na kuwa kahawia kabla ya nusu dakika, epua karai kidogo.

8. Kaanga tatu tatu, dakika 2 kila upande. Mara tu bakes ikipanda, umwagie mgongo wake mafuta kwa upawa. Hilo ndilo linaloifanya ivimbe katikati.

Kuhusu rangi: uwanga karibu hauna protini, na protini ni sehemu ya kinachokipa chakula cha kukaanga ule wekundu. Bakes hizi huishia na rangi ya dhahabu hafifu. Anayesubiri ziive rangi ya maandazi atazitoa zikiwa kavu. Vunja moja ya kwanza. Ndani ikiwa na vitundu na haina mstari wa unyevu, imeiva.

Gramu 100 za uwanga kwa 250 za ngano si namba ya kubahatisha. Ukipunguza hadi 50 hutaona tofauti na andazi. Ukipandisha hadi 150 utapata ukoko mwembamba unaokatika vizuri kinywani, lakini bakes zitavimba kidogo na zikipoa zitakuwa ngumu ndani ya saa moja. Kupita hapo ngano haiwezi tena kubeba mzigo na bakes hupasuka zikiwa kwenye mafuta.

Kitoweo chake ni samaki wa chumvi: chewa mkavu, kule huitwa saltfish, aliyelowekwa usiku kucha, akachemshwa na kunyambuliwa, kisha akakaangwa kidogo na kitunguu, nyanya na pilipili hoho. Papa mkavu au ng'onda hufanya kazi hiyo hiyo bila lawama, mradi uyamwage maji ya kwanza.

Kwa asiyekula ngano

Chemsha mililita 100 za tui na gramu 40 za siagi na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Likitokota, mimina lote kwa mkupuo juu ya gramu 200 za uwanga uliochanganywa na nusu kijiko cha chai cha beking pauda, koroga kwa mwiko. Sehemu ya uwanga itageuka gundi, sehemu itabaki nyeupe, ndivyo inavyotakiwa. Ikipoa kiasi cha kushikika, tia yai 1 na gramu 60 za nazi iliyokunwa, kanda hadi vishikane. Viringisha 12, oka kwenye oveni ya nyuzijoto 190 kwa dakika 20 hadi 25, au kwenye tawa zito lililofunikwa, moto mdogo, dakika 8 kila upande.

Hizi usizikaange, na hapa hatutanii. Kinyunga cha wanga mtupu kikiingia kwenye mafuta ya moto hufunga ngozi isiyopitisha mvuke. Mvuke unajikusanya ndani mpaka kipande kinapasuka na kurusha mafuta usoni mwa mpishi.

Madonge ya ngano na uwanga

Haya ndiyo ya kila siku. Gramu 200 za ngano, 100 za uwanga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, maji baridi mililita 120 hadi 130. Hakuna beking pauda. Donge la supu linatakiwa liwe zito, lenye kutafunika. Kanda dakika 5 kamili, kwani hapa, tofauti na bakes, tunaitaka gluteni yote. Funika dakika 15.

Kata vipande 14 vya gramu 30. Viringisha kila kimoja kati ya viganja viwili hadi kiwe na urefu wa kidole, kinene katikati na chembamba pembeni. Umbo hilo si mapambo. Donge la mviringo la uzito huo huo hubaki bichi katikati wakati nje limeshakuwa laini mno.

Supu iwe lita 2 au zaidi, na iwe inatokota kwa nguvu. Dumbukiza moja moja, ukisubiri supu irudie kutokota. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, supu hupoa, na katika supu iliyopoa uwanga wa nje huachana na donge kabla haujaiva. Ndipo unapopata supu nzito yenye utelezi na madonge yaliyochakaa. Koroga mara moja tu, taratibu, kwa mpini wa mwiko, ili yasishike chini. Yakielea, anza kuhesabu dakika 10. Sufuria iwe wazi au nusu wazi.

Walio juu kama Nairobi, Kericho au Mbeya waongeze dakika 3 au 4, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzijoto 100.

Kata moja kupima. Katikati pakiwa na duara jeupe la unga mkavu, bado. Pakiwa na rangi moja na mng'ao kidogo, epua.

Madonge ya uwanga mtupu

Haya ni ya mpishi mvumilivu. Yakifanikiwa huwa angavu kama kioo, laini na ya kuteleza. Yakishindikana huna hata cha kuokoa.

Pima gramu 200 za uwanga. Toa 40 uziweke kwenye sufuria ndogo, koroga na mililita 130 za maji baridi na chumvi kidogo hadi pasiwe na kidonge. Weka kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Kwa muda hutaona chochote, halafu ghafla, ndani ya sekunde chache, mchanganyiko wote utashikana na kuanza kung'aa. Epua hapo hapo. Uwanga haupendi kuchemshwa muda mrefu. Ukiendelea kutokota, ile gundi hulegea na kurudi kuwa maji, na ukishalegea haurudi.

Mimina gundi hiyo ikiwa moto juu ya gramu 160 zilizobaki. Changanya kwa mwiko, kisha kwa mkono mara uwezapo kuvumilia joto. Ikipoa kabisa kabla hujakanda, haishiki. Ukiona kinyunga kinachanika, lowesha viganja vyako kwa maji ya moto na uendelee; usimimine maji ndani ya bakuli. Kikitiririka, gundi haikuiva vya kutosha: ichote robo ya kinyunga, ipashe hadi ishikane, uirudishe.

Viringisha vidonge vya gramu 10, ubonyeze kila kimoja katikati kwa kidole gumba kama sarafu yenye shimo. Vichemshe kwanza kwenye maji ya chumvi, si kwenye supu, dakika 8 hadi 10. Vitaelea vikiwa vyeupe, kisha weupe utarudi ndani kidogo kidogo hadi ibaki nukta katikati. Nukta ikipotea, opoa kwa kijiko chenye matundu, suuza kwa maji baridi, ndipo utie kwenye supu dakika za mwisho.

Supu ya kuyapokea

Supu inayoyafaa zaidi ni callaloo, na hapa ndipo nduma anapolipiza kisasi: majani ya callaloo ya Saint Vincent ni majani ya jimbi. Mimea miwili inayogombania jina moja Nairobi hukutana ndani ya sufuria moja Kingstown, mji mkuu wa Saint Vincent.

Chemsha nyama ya chumvi iliyolowekwa au mifupa ya kawaida hadi iwe laini. Tia kitunguu, kitunguu saumu, majani mabichi ya thaimu, na nusu kilo ya majani machanga ya jimbi yaliyoondolewa mishipa minene. Yachemshe dakika 40 bila kuonja. Majani hayo mabichi yana chembe zinazowasha koo, na moto wa muda mrefu ndio dawa. Kisha tia madonge, na mwisho kikombe kimoja cha tui zito. Pilipili ya huko ni ndugu ya pilipili mbuzi. Iache ielee nzima na kikonyo chake, uitoe kabla haijapasuka. Usibadilishe tui kwa maziwa ya ng'ombe: yakikutana na uwanga, mchuzi huwa wa utelezi usiopendeza ulimini.

Yaliyobaki

Bakes hupashwa kwenye tawa kavu, dakika 2 kila upande. Chombo cha maikrowevu huzigeuza ngozi ya kiatu. Kinyunga chake kibichi hukaa kwenye friji saa 12, lakini nguvu ya beking pauda itakuwa imepungua, basi bapisha kwa unene wa nusu sentimita. Madonge yenye ngano yarudishe ndani ya supu inayotokota dakika 5. Yale ya uwanga mtupu yakilala huwa meupe na magumu kama kokwa: yatupe moja kwa moja kwenye maji yanayochemka dakika 3, yatalainika tena, japo si kama mwanzo. Kwa hiyo pika yatakayoliwa siku hiyo.